Nimehama kampuni ya umeme na gesi ili nipunguze bili. Mbona bili imepanda?

#1 Mkwezi_wa_Reading
Wanajukwaa, salaam. Kwa miaka minne nimekuwa mteja wa kampuni ileile ya umeme na gesi niliyoikuta katika nyumba hii tulipohamia. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi mwaka jana, baada ya kuchoshwa na wenzangu kazini waliojisifu kwamba wao hulipa kidogo, nilikaa na mke wangu usiku mmoja, tukafungua tovuti ya kulinganisha bei, tukahama. Hakuna fundi aliyekuja wala waya uliokatwa, na baada ya siku tano za kazi tulikuwa wateja wa kampuni mpya kwa mkataba wa mwaka mmoja wa bei isiyobadilika.

Umeme ulitoka peni 26 kwa uniti (yaani kilowati-saa moja) hadi peni 24, na gesi ikatoka peni 6.3 hadi 5.8. Makato ya benki yaliyokuwa pauni 142 kwa mwezi yalishuka hadi 131, nami nikajiona mjanja. Juzi nimepokea barua pepe inayosema kwamba nadaiwa pauni 159.68 na kwamba kuanzia mwezi ujao nitakatwa pauni 189. Nyumba ni ileile ya vyumba vitatu, na wakazi ni walewale watano. Naomba mnieleze: bei ikishuka, bili hupandaje?

#2 Shemeji_wa_Barking
Pole, shemeji. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nawe umechagua jembe la peni 24. Sasa lima.

#3 Binti_Pangani
Kaka Mkwezi, kabla watu hawajaanza kulaumu bei, naomba ujibu swali moja. Je, siku ya kuhama uliisoma mita na kuzipeleka tarakimu kwa kampuni mpya? Usomaji huo ndio ambao kampuni ya zamani hufungia hesabu yake na kampuni mpya huanzia hapo hapo. Usipoupeleka, wao hukadiria, na makadirio yakiwa ya chini kuliko hali halisi, uniti ulizotumia kabla ya kuhama hujikuta zimeandikwa kwenye bili ya kampuni mpya. Mimi niliposahau kufanya hivyo hapa Leicester, nilihangaika miezi mitatu nikibishana na kampuni mbili, kila moja ikinielekeza kwa mwenzake.

#4 Mpemba_wa_Milton_Keynes
Nimewahi kufanya kazi katika kituo cha simu cha kampuni mojawapo ya nishati, kwa hiyo niseme ninachokijua. Makato ya kila mwezi si bili. Kampuni hukadiria matumizi yako ya mwaka mzima, hugawa kwa kumi na mbili, kisha hukukata kiasi kilekile kiangazi na kipupwe. Zile pauni 131 zilikuwa makisio yaliyowekwa na tovuti kutokana na majibu uliyoyajaza mwenyewe usiku ule, na ukijaza matumizi madogo unapewa makisio madogo. Hata hivyo, hesabu yao inanitia shaka, kwa sababu pauni 189 mara kumi na mbili ni pauni 2,268, ilhali bei kikomo ya Ofgem, mdhibiti wa nishati wa hapa, kwa Oktoba hadi Desemba 2025 ilikuwa pauni 1,755 kwa mwaka. Kwa sheria ya Uingereza nzima, hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya hapo.

#5 Mzee_Msoma_Mita
Ndugu Mpemba, nusu ya kwanza ya maelezo yako ni sahihi kabisa, lakini nusu ya pili itampeleka mwenzetu mahakamani akiwa hana kesi. Bei kikomo, iliyoanza Januari 2019, haiweki kikomo cha bili. Inaweka kikomo cha bei ya uniti moja na cha ada ya kila siku, ile unayolipa hata usipotumia kitu. Zile pauni 1,755 ni mfano tu wa nyumba ya kawaida inayotumia uniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi kwa mwaka, ikilipa kwa makato ya benki. Ukitumia mara mbili, utalipa karibu mara mbili, na hakuna sheria iliyovunjwa. Zaidi ya hayo, kikomo hicho kinawalinda walio kwenye bei ya kawaida inayobadilika, si aliyetia saini mkataba wa bei isiyobadilika kama ndugu Mkwezi.

Nimesoma mita za watu hapa Glasgow kwa miaka kumi na moja kabla sijastaafu, na mara nyingi nilikuta tatizo liko kwenye hesabu ya gesi. Mita za zamani hupima kwa futi za ujazo na mpya kwa mita za ujazo, na kampuni ikiandika aina isiyo sahihi kwenye kumbukumbu zake, mteja hutozwa karibu mara tatu ya alichotumia. Tuwekee hapa tarakimu za mwanzo na za mwisho za mita zote mbili, uniti walizokuandikia, na ada ya kila siku. Tukikosa hizo, tunapiga ramli.

#6 Mlinzi_wa_Belfast
Naongezea sahihisho dogo kwa ndugu Mpemba: si Uingereza nzima. Sisi wa Ireland ya Kaskazini tuna mdhibiti wetu, na kikomo cha Ofgem hakituhusu. Tena huku nyumba nyingi hupasha joto kwa mafuta yanayomiminwa kwenye tangi la uani, kwa hiyo kila ninapojaza lita 500 huwapigia wauzaji watatu au wanne na kumchukua mwenye bei nafuu siku hiyo. Nahama kampuni kila tangi linapokauka, wala sisaini mkataba na mtu.

#7 Mkwezi_wa_Reading
Ahsanteni. Dada Binti, nakiri sikuisoma mita siku ile. Mita zangu ni za zamani, si mita janja zinazojituma tarakimu zenyewe, na ile ya umeme iko ndani ya kabati chini ya ngazi, nyuma ya mabegi ya safari na baiskeli ya mtoto.

Mzee wangu, hizi hapa za bili, kuanzia tarehe 2 Oktoba hadi 2 Januari, siku 92. Umeme: mwanzo 48215, mwisho 49235. Gesi: mwanzo 06218, mwisho 06561, nao wameandika uniti 3,849. Ada ya kila siku ni peni 58 kwa umeme na peni 34 kwa gesi; kampuni ya zamani ilitoza peni 54 na 34. Bei zote zimekwisha kujumlisha kodi ya asilimia 5. Tarakimu za mwisho nilizisoma mwenyewe, zile za mwanzo ni zao.

#8 Mzee_Msoma_Mita
Sasa tunazungumza. Gesi yako ina tarakimu tano, dalili kwamba mita ni ya mita za ujazo. Umetumia mita za ujazo 343. Tunazidisha kwa 1.02264, ambayo ni marekebisho ya joto na shinikizo, kisha kwa kiasi cha nishati ambacho gesi hutoa ikiungua, ambacho kimeandikwa kwenye bili na huwa kama 39.5, kisha tunagawa kwa 3.6 ili tupate uniti. Jibu ni 3,849. Wangekosea wakadhani ni futi, ungeandikiwa karibu uniti 10,900. Kwa hiyo dhana yangu ya kwanza imeanguka, nami naizika mwenyewe.

Tuende kwenye pesa. Kwa kampuni mpya, umeme uniti 1,020 kwa peni 24 ni pauni 244.80, na ada yake pauni 53.36. Gesi ni pauni 223.24, na ada yake pauni 31.28. Jumla pauni 552.68. Umekwisha kulipa mara tatu pauni 131, yaani 393. Baki ni 159.68, sawasawa na deni wanalokudai. Kwa bei za kampuni ya zamani, matumizi yaleyale yangekugharimu pauni 588.65. Maana yake, ndugu yangu, umeokoa pauni 35.97 katika miezi mitatu, ila hukuziona.

#9 Shemeji_wa_Barking
Mzee, akiba isiyoonekana, haishikiki, na inakuja pamoja na barua ya deni, kwetu huitwa hasara.

#10 Mkwezi_wa_Reading
Nimecheka, lakini kwa uchungu. Mzee wangu, hesabu yako siipingi. Ninachouliza ni hiki: mwaka juzi, kipindi hichohicho cha Oktoba hadi Januari, nilikatwa pauni 142 mara tatu, yaani 426, na hakuna aliyenidai. Nimetafuta ile bili ya zamani na nimeona umeme wa kipindi kile ulikuwa uniti 710. Safari hii ni 1,020. Gesi imekaribiana sana. Hizo uniti 310 za umeme zimetoka wapi?

#11 Mpemba_wa_Milton_Keynes
Sahihisho la mzee nimelipokea, na la ndugu wa Belfast pia. Lakini swali lako la pauni 426 lina jibu, nalo ni msimu. Katika kampuni ya zamani uliingia kipupwe ukiwa na akiba uliyojiwekea wakati wa kiangazi bila kujua, kwa sababu Juni na Julai ulikatwa 142 huku ukitumia labda nusu yake. Ulipohama Oktoba, uliingia kampuni mpya mikono mitupu, mlangoni mwa miezi ya baridi. Deni la Januari kwa aliyehama Oktoba ni jambo la kawaida kabisa, na wengi walinipigia simu wakilia kilio hichohicho. Je, kampuni ya zamani haikukurudishia chochote?

#12 Mkwezi_wa_Reading
Walinirudishia pauni 118 mwezi wa kumi na moja. Nilidhani ni zawadi ya kuagana. Tuliziongezea kwenye tiketi ya Mama kuja kututembelea kutoka Tanga.

#13 Mama_Wawili_Coventry
Subirini kwanza. Mama amekuja kutoka Tanga, katika kipupwe cha Reading, na bado tunatafuta uniti 310? Kaka, ndani ya chumba cha Mama kuna hita ya umeme, ipo au haipo? Hita ya kilowati 2 ikiwaka saa tano kwa siku inakula uniti 10. Kwa siku 31 ni uniti 310 kamili. Mama yangu mkwe alipokuja kutoka Morogoro, alikuwa anakaa na hita miguuni kuanzia alasiri hadi taarifa ya habari ya usiku, na nani angethubutu kuizima?

#14 Shemeji_wa_Barking
Kesi imekwisha. Mshtakiwa ni mzazi, hivyo hakuna hukumu.

#15 Mkwezi_wa_Reading
Haijaisha, shemeji, na Mama msimtie hatiani mapema. Hita ipo, ni ya kilowati 2, nami ndiye niliyeinunua. Ila Mama alifika tarehe 14 Desemba, na bili imefungwa tarehe 2 Januari. Hizo ni siku 19. Hata nikikubali saa tano kila siku, ni uniti 190. Zinabaki 120 ambazo hazina mwenyewe.

#16 Jahazi_la_Kigamboni
Naomba niingilie kutoka Dar es Salaam, maana nasoma uzi huu kama hadithi ya sayari nyingine. Yaani nyumba moja, waya uleule, nguzo zilezile, halafu unachagua wa kumlipa? Umeme wenyewe unatoka kwa nani? Sisi huku hatuhami kampuni. Tukihama, tunahama kundi la bei. Mwenye matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 122 kwa uniti pamoja na tozo, na akitolewa kwenye kundi hilo anaingia kwenye lile ambalo shilingi 10,000 inampa uniti 28. Kelele za mitaani nyingi ni za watu wanaoomba kurudishwa kwenye uniti 75, na wapo wanaofunga mita ya pili kwa mpangaji wa uani ili kila mmoja abaki chini ya kiwango.

Mahali pekee tunapochagua kampuni ni kwenye gesi ya mtungi. Unabeba mtungi mtupu wa kampuni hii, dukani wanakubadilishia wa kampuni ile, unarudi nyumbani. Na hata hapo, bila kuuweka kwenye mizani hujui umeuziwa kilo ngapi.

#17 Mzee_Msoma_Mita
Kijana wa Kigamboni umeuliza swali zuri. Umeme hautoki kwa anayekuandikia bili. Nyaya na nguzo ni mali ya kampuni ya usambazaji ya eneo lako, na hiyo huwezi kuihama. Umeme ukikatika unapiga 105 bila kujali unamlipa nani. Anayeuza rejareja hununua umeme kwenye soko la jumla, anaongeza gharama za nyaya, gharama za sera za serikali na faida yake, kisha anakuandikia bili. Ushindani wa majumbani ulianza na gesi mwaka 1996, na umeme ukafuata kati ya 1998 na 1999. Ndiyo maana tofauti baina ya kampuni ni peni mbili au tatu: wanagombania kipande chembamba cha mkate, kilichobaki wote hulipa sawa.

#18 Mwana_Mvita
Huku Mombasa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilifungua mlango kwa wauzaji wengine wa umeme, lakini mtu wa nyumbani bado hununua tokeni palepale kwa Kenya Power. Nasi tuna fumbo letu linalofanana na la ndugu Mkwezi: ukinunua tokeni za shilingi 500 mwezi huu na 500 mwezi ujao, hupati uniti zilezile, kwa sababu tozo ya mafuta na ya fedha za kigeni hubadilika kila mwezi. Hatujahama kampuni, na bili bado inahama yenyewe.

#19 Kasai_Houston
Nawasalimu toka Texas, ndugu zangu. Hapa Houston tunachagua kampuni tangu Januari 2002, ila wenzetu wa Austin na San Antonio hawachagui, kwa kuwa umeme wao ni wa mji. Ninachotaka kusema ni kwamba ndugu Mkwezi alifanya vema kuchukua bei isiyobadilika. Februari 2021, wakati wa dhoruba ya baridi, bei ya jumla ilifikishwa dola 9 kwa uniti moja, na watu waliokuwa kwenye mikataba ya kufuata bei ya jumla walipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Miezi ya nyuma waliokuwa wakijisifu kuliko sisi sote ni haohao. Baadaye jimbo likapiga marufuku mikataba ya aina hiyo kwa majumbani.

#20 Mpemba_wa_Milton_Keynes
Hilo la Kasai linanikumbusha sababu nyingine ambayo watu huisahau. Kuanzia katikati ya mwaka 2021 karibu kampuni thelathini za hapa zilianguka, kwa sababu ziliahidi wateja bei ndogo bila kununua nishati mapema. Kubwa kuliko zote ilikuwa Bulb. Wateja walihamishiwa kampuni nyingine na fedha zao za akiba zililindwa, lakini gharama ya zoezi hilo ilisambazwa kwa kila mtu, sehemu yake ikiingizwa kwenye ada ya kila siku. Kwa hiyo hata aliyekuwa amesafiri na kuzima kila kitu, kwenye ada yake ya kila siku alilipia deni la watu wengine.

Na hapo ndipo mtego wa mikataba mingi ulipo. Wanapunguza bei ya uniti, wanaongeza ada. Ndugu Mkwezi amepunguziwa peni 2 kwa uniti ya umeme na kuongezewa peni 4 kwa siku, yaani pauni 14.60 kwa mwaka. Yeye mwenye familia bado amefaidika, lakini kijana anayeishi peke yake na kutumia uniti 700 kwa mwaka angepata hasara ya peni 60 kwa mwaka upande wa umeme.

#21 Mama_Wawili_Coventry
Mimi natumia mita ya kulipia kabla, naweka pesa dukani kama mnavyonunua umeme wa LUKU huko Tanzania, na watu waliniambia kwamba mwenye deni hahami. Si kweli. Kwa mita ya kulipia kabla, deni lisilozidi pauni 500 kwa umeme na 500 kwa gesi linaweza kuhama pamoja nawe. Nilihama nikiwa na deni la pauni 83 na kampuni mpya iliendelea kulikata kidogo kidogo. Naliandika kwa faida ya anayesoma na kunyamaza.

#22 Binti_Pangani
Turudi kwenye uniti 120 za kaka. Nashikilia nilichosema mwanzo: 48215 ni makadirio. Pia kuna uwezekano mwingine, kwamba mita hiyo si yako. Katika nyumba zilizounganishwa ukutani, nimewahi kusikia mtu akilipia mita ya jirani kwa miaka. Zima swichi kuu ya nyumba uone kama mita inaendelea kuhesabu, halafu ulinganishe namba ya mita na ile iliyo kwenye bili.

#23 Mkwezi_wa_Reading
Nimefanya hivyo leo jioni, na naandika nikiwa bado na vumbi. Nilitoa mabegi, nikatoa baiskeli, nikaingia kabatini kwa magoti na tochi ya simu mdomoni. Mita ina taa ndogo nyekundu iliyokuwa ikipepesa haraka haraka kama jicho la mtu aliyeingiwa na mchanga. Chini yake imeandikwa kwamba mipepeso 1,000 ni uniti moja. Nikamwambia mke wangu azime swichi kuu. Nyumba ikaingia giza, watoto wakapiga kelele, Mama akauliza kutoka chumbani kama huku nako kuna mgao. Taa ikaacha kupepesa, ikabaki imewaka tuli. Nilikaa pale dakika nzima nikiitazama, haikupepesa hata mara moja. Tulipowasha, ikaanza upya, taratibu, kisha friji ilipoamka ikaongeza kasi. Namba ya mita imelingana na ya bili, tarakimu kwa tarakimu.

#24 Mzee_Msoma_Mita
Umefanya kazi niliyokuwa nikilipwa kuifanya. Taa kubaki tuli maana yake hakuna umeme unaopita, kwa hiyo mita ni yako, si ya jirani. Dhana ya pili nayo tuizike. Mita yenyewe kukimbia kupita kiasi hutokea, lakini ni nadra. Katika miaka yangu yote nilizoziona hazifiki vidole vya mkono mmoja.

#25 Mkwezi_wa_Reading
Wakubwa, nimepata jambo. Wakati wa kutafuta tarakimu, mke wangu amekumbuka kwamba aliwahi kuipiga mita picha. Tumeipata kwenye simu yake. Inasoma 48311. Bili inaanzia 48215. Tofauti ni uniti 96! Dada Binti, nadhani umeshinda.

#26 Mpemba_wa_Milton_Keynes
Hongera, lakini kabla hujapiga simu fanya hesabu. Uniti hizo 96 ulizitumia kweli, ila ulizitumia ukiwa kwa kampuni ya zamani. Wakirekebisha, kampuni mpya itakufutia kwa peni 24, na ya zamani itakuandikia kwa peni 26. Utakuwa umedai haki yako na kupata hasara ya pauni 1.92.

#27 Shemeji_wa_Barking
Hii ndiyo haki ya kwanza nimeiona yenye nauli.

#28 Binti_Pangani
Ndugu Mpemba, hoja yangu haikuwa pesa. Ilikuwa ni uniti zimetoka wapi. Na kaka, picha hiyo ni ya tarehe gani? Simu huandika tarehe.

#29 Mkwezi_wa_Reading
Tarehe 6 Oktoba, saa mbili usiku. Kumbe si siku ya kuhama. Sasa siku nne zile tulitumia ngapi?

#30 Mama_Wawili_Coventry
Kwa matumizi ya nyumba yako ni kama uniti 10 kwa siku, hivyo 40 ni za siku hizo nne. Zinabaki 56 za makadirio, ukitoa kwenye 120 unabaki na 64. Mimi nasema ni mashine ya kukaushia nguo. Watoto watatu, mvua kila siku, Desemba.

#31 Mkwezi_wa_Reading
Mashine ya kukaushia nguo hatuna. Nguo tunaanika kwenye reli ya ngazi. Nami niongeze jambo litakalowachanganya zaidi. Juzi hita ya Mama iliwaka kama kawaida, na mita ikala uniti 13. Jana Mama alikwenda kwa binamu yangu Slough kutwa nzima, hita haikuwashwa, na mita ikala 9. Tofauti ni uniti 4, si 10.

#32 Mzee_Msoma_Mita
Hita hiyo ina kidhibiti joto. Chumba kikishapata moto hujizima na kujiwasha, kwa hiyo saa tano za kuwashwa si saa tano za kula umeme. Maana yake Mama amekula labda uniti 76 katika zile siku 19, na wewe sasa una uniti nyingi zaidi zisizo na mwenyewe kuliko ulizokuwa nazo jana. Nasikitika kuwa mleta habari hiyo.

#33 Binti_Pangani
Kaka, kuna kitu kimoja hatujakiuliza. Sote tumeichukua ile 710 ya mwaka juzi kama ukweli. Nani aliisoma? Kwenye bili, pembeni ya tarakimu za mita, huwa kuna herufi inayoonyesha kama ni usomaji halisi au makadirio.

#34 Mkwezi_wa_Reading
Nimeitazama. Pembeni ya tarakimu ya mwanzo kuna E, na pembeni ya tarakimu ya mwisho kuna E. Hakuna aliyeisoma. Nakwenda kuitafuta bili ya kabla ya hapo, iko kwenye begi mojawapo nililolitoa kabatini.